Chuku na Fumbo katika Picha za Mandhari

Sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kuhakiki shairi, riwaya na tamthilia. Picha hatuihakiki. Tunaibandika ukutani, tunaitumia kuwafundisha wanafunzi msamiati wa mlima, mto na mawingu, kisha tunaiacha ipauke kwa jua la dirishani. Ni kana kwamba picha haina fani wala maudhui, wala hapakuwa na mtu aliyekaa akaamua iseme nini na inyamaze wapi. Katika makala haya nakusudia kuipa picha ya mandhari haki yake ya kuhakikiwa, hasa aina moja iliyoenea mno katika kalenda, katika matangazo ya utalii na katika simu za wanafunzi wetu. Ni zile picha ambazo wapiga picha duniani huziita kwa herufi tatu, HDR, na maana yake ni upana mkubwa wa mwanga.

Msomaji amekwisha kuziona hata kama jina lake halijui. Mlima umesimama, na kila jiwe lake lahesabika. Mawingu yamejikunja kama moshi wa tanuri. Majani yana kijani kisichopata kuonekana kondeni. Ndani ya pango, chini ya mti, nyuma ya jabali, popote ambapo jicho lingetazamia kiza, pana mwanga. Wako wanaozipenda mno picha hizi, na wako wanaozichukia mno. Wa kwanza husema zina uhai. Wa pili husema ni uongo mtupu. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimelipita jambo lenyewe. Tukiuliza kama picha imekolezwa au haikukolezwa tunapoteza wakati, maana hakuna picha ya mandhari ambayo mkono wa mtu haukuigusa. La kuuliza ni hili: imekolezwa wapi, kwa ajili gani, na ni mahali gani pameachwa pakanyamaza?

Asili ya shida

Mhakiki asiyejua ugumu wa kazi hawezi kuisifu wala kuilaumu kwa haki, basi na tuanze na ugumu wenyewe. Wapiga picha hupima mwanga kwa hatua, na kila hatua ni maradufu ya ile iliyoitangulia. Kwa hiyo hatua 10 si mara 10, ni mara 1,024. Mtu akisimama msituni adhuhuri, akatazama mizizi iliyo kivulini, kisha akainua macho akaiona theluji ya kilele juani, tofauti ya mwanga baina ya vitu hivyo viwili yaweza kuzipita hatua hizo 10. Kamera bora za siku hizi hufikia takriban hatua 14 kwa pigo moja. Lakini karatasi itakayochapwa picha ni maskini kuliko kamera: weupe wake wa juu kabisa ni kama mara 100 au 200 tu ya weusi wake wa chini kabisa, yaani hatua saba hivi. Mpiga picha ni kama msafiri aliyepewa shehena ya ngamia aitie katika kikapu kimoja. Hana budi kuacha kitu, au kukikunja.

Jicho la mwanadamu halioni taabu hiyo, kwa kuwa halitazami vyote kwa mara moja. Mboni hupanuka tutazamapo kivuli na hujifinya tutazamapo theluji, na akili huviunga vipande hivyo vikawa mandhari moja. Hapo ndipo watetezi wa HDR wana hoja yenye nguvu. Wasema kwamba picha yenye anga jeupe kama karatasi na ardhi nyeusi kama masizi ndiyo ya uongo, kwani hakuna aliyepata kuiona dunia hivyo kwa macho yake. Katika hilo nawaunga mkono.

Tena shida hii si ya jana. Miaka ya 1850 huko Ufaransa, Gustave Le Gray alipambana nayo alipopiga picha za bahari. Mabamba ya kioo ya wakati ule yaliathiriwa upesi mno na mwanga wa buluu, hata mpiga picha aliyeipatia bahari kipimo chake aliipoteza anga yote. Le Gray alipata dawa: katika baadhi ya picha zake alipiga negativu mbili, moja ya mawingu na moja ya maji, akaziunganisha penye upeo wa macho wakati wa kuchapa. Ndivyo ilivyo picha yake mashuhuri ya wimbi kubwa, aliyoipiga Sète mwaka 1857. Picha yake nyingine, ya merikebu baharini, ya mwaka 1856, ilipigwa mchana kamera ikiwa imeelekezwa jua, lakini watu wakaipokea kuwa ni picha ya mbalamwezi. Basi anayedai kwamba hapo zamani picha zilikuwa safi, na kompyuta ndiyo iliyozitia najisi, hajasoma historia ya sanaa hii.

Kukusanya na kubana

Mbinu ya HDR tuijuayo leo ilikua katika vyuo vikuu vya Marekani. Mwaka 1995 Steve Mann na Rosalind Picard walieleza jinsi ya kuunganisha picha kadhaa za mahali pamoja zilizopigwa kwa vipimo mbalimbali vya mwanga. Mwaka 1997 Paul Debevec na Jitendra Malik wakaonyesha namna ya kupata kutoka katika picha hizo ramani kamili ya mwanga wa mandhari. Mwaka 2005 programu maarufu ya Photoshop ilitiwa uwezo huo, na mwaka 2010 ukafika katika simu ya iPhone. Leo simu nyingi huunganisha picha kadhaa kila mtu abonyezapo mara moja, naye mwenyewe hana habari.

Kazi yenyewe ina sehemu mbili, nami namwomba msomaji azitenge vizuri. Sehemu ya kwanza ni kukusanya. Kamera huwekwa juu ya miguu mitatu isitikisike, zikapigwa picha tatu, tano au zaidi: moja yenye kipimo cha theluji, moja ya majani, moja ya mizizi iliyo kivulini. Kompyuta huchukua kutoka kila picha lile ililolishika vizuri. Hapa hapana ubishi, kwa kuwa kukusanya ni kuongeza ujuzi wetu wa mahali.

Sehemu ya pili ni kubana. Mwanga wote uliokusanywa lazima uingizwe katika hatua chache za karatasi au za kioo cha simu, na hapa ndipo sanaa inapoanza, na makosa pia. Yako mabano ya namna mbili. La kwanza huipunguza picha nzima kwa kanuni moja, kilichokuwa na mwanga zaidi kikabaki na mwanga zaidi. La pili hukichukua kila kipande cha picha na kukilinganisha na jirani zake tu. Hili la pili ndilo lenye kuzifichua zile chembe zote za jiwe na jani, na ndilo lililoleta sura tunayoitambua mara moja kuwa ni HDR.

Kwa lugha ya kazi yetu, ni kama mwalimu anayempa kila mwanafunzi alama kwa kumlinganisha na mwenzake wa dawati moja, asiitazame shule nzima. Mwanafunzi hafifu aliyeketi karibu na aliye hafifu zaidi atapata alama ya juu, na hodari aliyeketi karibu na hodari zaidi atashushwa. Kila dawati litakuwa na mshindi wake, lakini shule haitajua tena nani ni wa kwanza. Ndivyo inavyokuwa katika picha. Mti wa kivulini hupandishwa kwa sababu jirani zake ni weusi. Wingu hushushwa kwa sababu jirani yake ni jua. Mwisho wake wingu la adhuhuri huwa jeusi kama mkaa, nalo ndilo linaloiangaza nchi, na nyasi zilizo chini yake hung'aa kuliko anga lenyewe. Kando ya ukingo wa mlima hutokea utando mweupe, mfano wa taji, ambao hakuna jua lililouweka pale. Na mara nyingi taswira ya mlima iliyomo ziwani huwa na nuru kuliko mlima wenyewe. Ziwa lililotulia halirudishi mwanga kuzidi lilioupokea. Kwa hiyo picha ya namna hiyo imejishuhudia yenyewe kwamba mkono ulipita pale bila kufikiri.

Chumvi na chapwa

Lugha yetu inatusaidia kulifahamu jambo hili. Mtu akizidisha habari twasema anatia chumvi. Hatusemi anatia sumu. Chumvi ni kitu chema, na mchuzi usio nayo ni chapwa, haupiti kooni. Vivyo hivyo washairi wetu wametumia chuku tangu zamani. Shujaa huangusha mibuyu kwa pigo moja, na machozi ya mpenzi hujaza mito. Hakuna msikilizaji anayekwenda mtoni kupima kina cha machozi. Anajua kwamba mshairi ameupandisha mstari huo makusudi, na kwamba mistari iliyo kandokando imeteremka ili huo usikike. Lakini shairi ambalo kila mshororo wake ni chuku halina chuku hata moja, maana masikio huzoea kelele yakaacha kuzisikia.

Kwa upande wa pili tunalo fumbo. Mshairi wa fumbo huficha ili msomaji atafute, na katika kutafuta huko hupata furaha ambayo hangeipata kama angeambiwa waziwazi. Kivuli katika picha ya mandhari ni fumbo. Bonde lililoachwa gizani humwita mtazamaji aingie kwa fikira zake. Mpiga picha anayelitia taa kila bonde ni kama mwandishi anayeeleza kila fumbo lake pale pale alipolifumba.

Hata hivyo nisingependa kueleweka kwamba fumbo ni bora kuliko chuku wakati wote. Wako wapiga picha ambao, kwa kuogopa kulaumiwa, hutoa picha zilizopooza kabisa. Anga lao ni kijivu, mlima wao ni kijivu, maji yao ni kijivu, wala hakuna mahali jicho litakapotua. Huita hali hiyo upole, au heshima kwa maumbile, lakini mtazamaji haoni heshima hapo. Anaona kwamba mtu aliyeshika kamera hakuwa na la kusema. Fumbo lisilo na ufumbuzi wowote si fumbo, ni maneno yaliyopangwa tu. Mpiga picha wa namna hii amekwepa kuchagua, sawasawa na yule aliyekoleza kila pembe. Mmoja amepandisha vyote, mwingine ameshusha vyote, na kwa wote wawili hakuna kilichotangulizwa.

Mwezi wa Hernandez

Nani basi aliyeipata mizani? Nitamtaja Ansel Adams, Mmarekani aliyezaliwa San Francisco mwaka 1902 na kufariki mwaka 1984. Hakuwa na kompyuta. Lakini yeye pamoja na Fred Archer, karibu na mwaka 1940, waliweka utaratibu wa kuugawa mwanga wa mandhari katika daraja 11, kuanzia weusi mtupu hadi weupe wa karatasi, ili mpiga picha aamue kabla ya kufyatua kitu gani kitakaa daraja gani. Mwaka 2002 Erik Reinhard na wenzake walipotoa mbinu yao ya kubana mwanga kwa kompyuta, walichukua mawazo yao waziwazi kutoka katika utaratibu huo. Kwa hiyo tukimhakiki Adams hatujatoka katika HDR. Tumekwenda kwa mmoja wa babu zake.

Picha yake inayojulikana kuliko zote ni ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, mwaka 1941. Mbele kuna kanisa dogo, nyumba chache na makaburi yenye misalaba myeupe iliyoguswa na miale ya mwisho ya jua. Nyuma yake kuna ukanda wa mawingu na milima yenye theluji, na juu mwezi mdogo peke yake katika anga kubwa. Adams alikuwa safarini, akasimamisha gari kwa haraka, asikione chombo chake cha kupimia mwanga. Alikumbuka kipimo cha mwangaza wa mwezi, akakitumia hicho, akapiga picha moja. Kabla hajawahi kupiga ya pili jua likawa limeiacha misalaba.

Sasa tazama alivyoichapa. Nakala za awali zina anga la kijivu lenye michirizi ya mawingu. Kadiri miaka ilivyopita Adams alilizidisha giza la anga lile, hata katika nakala za baadaye likawa karibu jeusi kabisa. Mwaka 1948 aliitia negativu dawa ili sehemu ya chini, iliyokuwa hafifu, ipate nguvu. Adams, aliyesomea piano katika ujana wake, alikuwa akiifananisha negativu na muziki ulioandikwa, na uchapaji na kuupiga muziki huo mbele ya watu.

Msomaji makini atanikamata hapa. Atasema: jioni ile jua lilikuwa halijazama, na anga halikuwa jeusi. Adams ameushusha mwanga wa anga chini ya mwanga wa vichaka. Je, hilo si kosa lile lile ulilowalaumu nalo wenye HDR, la kupindua mpango wa mwanga? Naam, ameupindua. Lakini ameupindua mara moja, mahali pamoja, na anajua anachokinunua kwa bei hiyo. Giza la anga ndilo linaloifanya misalaba ile midogo isomeke. Bila hilo, makaburi ya Hernandez yangekuwa vijiti tu katika nyika. Na baada ya kuifanya chuku hiyo moja, sehemu nyingine zote zimetulizwa: milima haikunolewa, vichaka havikufichuliwa, kanisa halikutiwa taa. Tena ni ajabu kwamba ujasiri wake ulikwenda upande wa kuficha. Alikuwa na uwezo wa kuonyesha zaidi, naye akachagua kuonyesha kidogo.

Jambo lingine ni muhimu zaidi kwa hoja yangu. Adams hakukumbuka vizuri tarehe ya picha hiyo, akawa anataja miaka mbalimbali. Wanajimu waliichunguza picha yenyewe, wakapima mahali pa mwezi juu ya milima, na mwaka 1991 Dennis di Cicco akathibitisha kwamba ilipigwa tarehe 1 Novemba 1941, saa 10 na dakika 49 alasiri. Kwa hiyo picha iliyotiwa chuku kubwa kiasi hicho ilibaki shahidi wa kutegemewa. Mwandishi wake alikoleza giza, lakini mwezi hakuuhamisha.

Ukungu wa Ruwenzori

Neno hili la ushahidi linanirudisha karibu na kwetu, katika mpaka wa Uganda na Kongo, palipo na milima ya Ruwenzori. Mwaka 1906 Mwitaliano Vittorio Sella alipanda milima hiyo katika msafara wa Mtawala wa Abruzzi, uliofika katika vilele vyake vikuu, kikiwamo Margherita chenye urefu wa mita 5,109. Sella alikuwa bingwa wa picha za milima, na Adams mwenyewe alimsifu kwa maandishi.

Mtu aliyezoea kalenda za leo akizitazama picha za Ruwenzori za Sella huenda akaziona zimepoa. Hazina rangi. Misitu imefunikwa kuvumwani, lobelia zimesimama kama mishumaa mikubwa, na nyuma yake ukungu juu ya ukungu, kila tabaka kijivu chake. Lakini ukikaa nazo utaona zilivyopangwa. Milima hii husifika kwa mvua na mawingu, na ukungu kwa tabia yake huipunguza tofauti ya nuru na kivuli kabla kamera haijafunguliwa. Sella aliuacha ukungu ufanye kazi ambayo leo hufanywa na kompyuta, tena ukaifanya bila kuupindua mpango wa mwanga: kilicho karibu ni cheusi, kilicho mbali ni chepesi, na barafu ndiyo ya mwisho kwa weupe. Mtazamaji ajua mara moja amesimama wapi na kilele kiko umbali gani. Hilo ndilo fumbo lililofumbwa vizuri, kwa sababu ufunguo wake umo ndani yake.

Na hapa ndipo jambo linapoacha kuwa la ladha tu. Barafu ya Ruwenzori imepungua kwa kiasi kikubwa tangu mwaka 1906. Wataalamu waliotaka kujua ilifika wapi zamani walizirudia picha za msafara ule, wakazilinganisha na hali ya sasa, na ukingo wa barafu wakauona. Wangeuonaje kama Sella angekoleza kila jiwe lenye unyevu likang'aa sawa na theluji? Picha za leo nazo zitatazamwa na watu wa miaka mia ijayo. Kijana wa Kasese au wa Beni apigaye picha ya mlima kwa simu anaandika ushahidi bila kujua, na simu yake imekwisha kumwamulia kipi king'ae. Ikiwa mwamba uliolowa umepewa weupe wa barafu, mjukuu wake atasoma nini hapo?

Sisemi kila picha iwe hati ya mahakama. Adams alitumia ujasiri wake na ukweli wa mahali haukuvunjika. Mpiga picha wa HDR ana uwezo ambao Le Gray na Sella hawakuwa nao, na si haki kumtaka autupe. Anaweza kuionyesha lobelia ya kivulini pamoja na kilele kilicho juani katika picha moja, jambo ambalo kwa Sella lilitegemea hisani ya mawingu. Namtaka jambo moja tu: baada ya kukusanya vyote, achague. Avipange vitu kwa daraja, kipi cha kwanza, kipi cha pili, kipi kibaki kivulini. Kama ataupindua mpango wa mwanga, aupindue mahali pamoja, awe na sababu, na sababu hiyo ionekane katika picha yenyewe. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na picha inayopiga kelele kutoka pembe zote nne, mara nyingi yajitembeza.

Darasani

Ndugu walimu, haya yote yatakuwa maneno matupu tusipoyapeleka kwa wanafunzi. Napendekeza zoezi jepesi lisilohitaji fedha. Chukua picha mbili za mandhari, moja iliyokolezwa kote na nyingine iliyotulizwa, kutoka kalenda kuukuu au gazeti. Waulize wanafunzi maswali matatu. La kwanza: mwanga unatoka wapi? Katika picha iliyopangwa watakuonyesha kwa kidole bila kusita. Katika ile iliyokolezwa kote watabishana. La pili: ni kitu gani king'aacho kuliko vyote, na je, kinastahili? La tatu: ni kitu gani kilichoachwa gizani, na kwa nini?

Kisha uwape insha ya wasifu kuhusu picha hizo. Wengi watairundikia sifa, mlima mkubwa mrefu mzuri wa ajabu wenye kupendeza sana. Hapo uwaonyeshe kwamba wameandika kama kalenda: kila nomino imetiwa taa. Waambie waifute insha, wabakize sifa moja tu katika kila aya, na hiyo moja iwe nzito. Watanung'unika mwanzoni. Lakini watakapoisoma upya kwa sauti watasikia mahali sauti inapopanda na mahali inaposhuka, na wataanza kuitazama picha ya ukutani kwa macho mengine. Mwenye macho haambiwi tazama, wasema wahenga. Ila vijana wetu wanakua katika dunia ambamo chombo kilichomo mfukoni huwatazamia, na hukifuta kivuli kabla wao hawajakiona. Kuwafundisha kuuliza ni nani aliyekifuta, na kwa nini, ni sehemu ya ualimu wa lugha sawa na kuwafundisha kuuliza kwa nini mshairi ameliacha neno moja bila kulisema.